Bastola Tupu, Ukuta Mweupe

Julai 2024 picha ya Yusuf Dikeç ilizunguka dunia nzima kwenye simu za watu. Mturuki wa miaka 51, nywele zimeingia mvi, miwani ya kawaida usoni, mkono wa kushoto mfukoni, wa kulia umenyoosha bastola. Yeye na mwenzake Şevval İlayda Tarhan walikuwa Châteauroux, zaidi ya kilomita 250 kusini mwa Paris, wakiwania medali ya Olimpiki ya bastola ya upepo ya mita 10 kwa timu za mwanamume na mwanamke. Waserbia Zorana Arunović na Damir Mikec waliwashinda pointi 16 kwa 14. Lakini waliobaki midomoni mwa watu ni Waturuki, hasa yule baba aliyesimama bila papara yoyote.

Wengi walioitazama picha ile walisema huyu amezaliwa na kipaji. Mimi nakataa. Utulivu wa namna ile hufundishwa: kidole hufundishwa, jicho hufundishwa, bega hufundishwa, miaka nenda miaka rudi, na katika mafunzo hayo kuna saa nyingi ambazo hakuna risasi hata moja inayotoka. Mlengaji husimama mbele ya ukuta akiwa na bastola isiyo na kitu ndani. Huinua mkono, hulenga, huvuta triga, husikia mlio mdogo wa chuma, hutulia, kisha hushusha mkono. Halafu anaanza upya. Hayo ndiyo mazoezi ya kufyatua tupu, na hufanywa nyumbani zaidi kuliko uwanjani.

Asidhani mtu kwamba ni mchezo wa wanaoanza. Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Kulenga Shabaha, ISSF, limeyawekea kanuni. Kabla ya shindano la bastola ya upepo wachezaji hupewa dakika 15 za kujiandaa na kupiga risasi za majaribio, na ndani ya dakika hizo wanaruhusiwa kufyatua tupu, mradi wawe kwenye mstari wa kufyatulia na mtutu uelekee kwenye shabaha. Bastola za upepo za mashindano hutengenezwa zikiwa na swichi maalumu kwa kazi hiyo: ukiigeuza, triga inafanya kazi yake yote lakini hewa haitoki. Kiwanda hakiweki kifaa kwenye bastola ya bei kali kama hakuna anayekihitaji.

Kwa nini mtu ajisumbue hivyo? Jibu limo kwenye vipimo. Katika bastola ya upepo ya mita 10, duara la pointi 10 lina kipenyo cha milimita 11.5. Ncha ya kidole cha shahada inalifunika lote. Mchezaji hulipiga kwa mkono mmoja, akiwa amesimama, risasi 60 ndani ya dakika 75. Umbali kati ya kilengeo cha nyuma na kile cha mbele katika bastola hizo ni sentimita 30 na kidogo. Sasa piga hesabu: kilengeo cha mbele kikisogea milimita moja tu wakati triga inavutwa, kwenye karatasi iliyo mita 10 mbele risasi itakuwa imehama kama sentimita 3. Pale ulipolenga 10 utapata 7. Katika mashindano ya dunia pointi 7 moja inatosha kukurudisha nyumbani.

Triga yenyewe ina sheria. Kwa bastola ya upepo haitakiwi kuachia chini ya uzito wa gramu 500, na waamuzi huikagua mbele ya macho yako: mtutu huelekezwa juu, uzito wa gramu 500 huning'inizwa kwenye triga, na triga lazima iubebe bila kuachia. Nusu kilo ya sukari, ndiyo inayokaa kwenye kidole cha mchezaji wa Olimpiki. Sasa chukua bastola ya baruti, Glock 17. Yenyewe, ikiwa na magazini tupu, ina uzito wa takriban gramu 700. Triga yake inahitaji nguvu ya takriban kilo 2.5. Maana yake kidole kinavuta kwa nguvu zaidi ya mara tatu ya uzito wa chombo chenyewe, na chombo hicho kinatakiwa kisitikisike. Vilengeo vyake navyo vimekaribiana zaidi, kwa hiyo kosa lile lile la milimita moja huzaa umbali mkubwa mara mbili. Aliyepita jeshini atakuambia kwamba bastola ndiyo silaha ngumu kuliko zote kuilengea shabaha, na vipimo hivi vinamuunga mkono.

Kuna kikwazo kingine, na hiki kimo ndani ya mwili. Bastola ya baruti hutoa mlio unaopita desibeli 150, mwanga unawaka mbele ya macho, na chuma kinapiga teke kwenye kiganja. Mwili wa binadamu haupendi mambo hayo. Baada ya risasi chache unaanza kujihami: sekunde ndogo kabla ya mlipuko kiganja kinakaza, kifundo kinasukuma mbele, macho yanafumba. Mlengaji mwenyewe hajui, kwa sababu mlipuko unakuja papo hapo na kulifunika kosa. Anachoona ni risasi zake zinazokwenda chini ya shabaha, na mara nyingi anailaumu bastola.

Makocha wana njia ya kulifichua. Huchanganya risasi bandia na za kweli ndani ya magazini moja, mpigaji asijue ipi itakuja lini. Risasi ya kweli inalia, ya pili inalia, ya tatu ni bandia. Mlio hakuna, lakini mtutu unazama chini waziwazi mbele ya kila aliyesimama pale. Nimewaona watu wazima waliobeba bastola miaka mingi wakibaki wameduwaa, wakiitazama mikono yao. Hapo ndipo mtu anaelewa kwamba kupiga risasi nyingi zaidi hakutamponya. Kila mlipuko unauzoesha mwili kushtuka. Dawa ni kuupa mwili maelfu ya mivuto ya triga ambayo haikufuatwa na chochote, mpaka kidole kisadiki kwamba kuvuta si jambo la kuogopwa.

Zoezi la msingi linafanywa kwenye ukuta mweupe usio na alama yoyote, na watu wengi hulipuuza kwa kuwa linaonekana halina maana. Kwa nini pasiwe na shabaha? Kwa sababu shabaha huiba jicho. Ukiweka karatasi yenye duara jeusi, jicho linakimbilia kwenye duara na kukiacha kilengeo cha mbele. Ukuta mtupu haukupi pa kukimbilia. Unasimama, miguu imepanuka kiasi cha mabega, unainua bastola, unakitazama kilengeo cha mbele mpaka kingo zake zionekane kali. Cha nyuma kinakuwa na ukungu kidogo, na ukuta nao unafifia. Kulia na kushoto kwa kilengeo cha mbele kuna mianya miwili ya mwanga. Iwe sawa. Sehemu ya juu ya vilengeo vyote viwili iwe kwenye mstari mmoja.

Halafu kidole. Kinachogusa triga ni nyama ya pingili ya kwanza, kati ya ncha na kiungo, na pingili hiyo peke yake ndiyo inayosogea. Vidole vingine vitatu vimeshika mpini kwa nguvu isiyobadilika. Kidole kinaanza kuvuta nyuma, moja kwa moja, polepole, bila kusimama. Na hapa ndipo penye mtego mkubwa kuliko yote. Mkono hautulii. Wa Dikeç hautulii, wa bingwa yeyote hautulii. Kilengeo cha mbele huogelea daima katika eneo dogo. Anayeanza husubiri kitulie, anakiona kimepita katikati, anasema moyoni sasa hivi, na ananyakua triga. Unyakuzi huo unakiondoa kilengeo mbali zaidi kuliko kuogelea kulikokuwa kunamsumbua. Aliyefundishwa anakubali kuogelea, anaendelea kuvuta taratibu, na mlio unamkuta hajaupangia saa.

Mlio ukishatoka, kazi bado. Kaa pale pale sekunde moja au mbili, bastola iko juu, jicho liko kwenye kilengeo, kidole kimeshikilia triga nyuma. Jiulize: wakati chuma kinalia, kilengeo kilikuwa wapi? Kushoto kidogo? Kilidunda? Ukiweza kujibu bila kubahatisha, umejifunza kuisoma risasi kabla haijafika kwenye karatasi. Ukishindwa kujibu, macho yako yalifumba. Anayetaka ushahidi zaidi aweke sarafu ya shilingi 100 juu ya slaidi, karibu na kilengeo cha mbele, kisha avute triga. Sarafu ikianguka, amejibiwa.

Dakika 10 au 15 zinatosha kwa siku. Najua wapo wanaojisifu kwa saa nzima, lakini mkono uliochoka hufanya mazoezi ya makosa, na mwili unayahifadhi makosa kwa uaminifu ule ule unaohifadhi yaliyo sahihi. Wachezaji wa upande mwingine wa mchezo huu, wale wa kukimbia na kupiga shabaha nyingi kwa haraka, hutumia dakika hizo kwa mambo yao: kuchomoa bastola kwenye ala, kubadilisha magazini, kuhamisha macho kutoka shabaha moja hadi nyingine. Mmarekani Ben Stoeger, aliyekuwa bingwa wa nchi yake mara kadhaa, ameandika vitabu vizima kuhusu mazoezi ya bila risasi. Lakini mwendo wa haraka uje baada ya kidole kujua kuvuta. Anayeanza na kasi anajenga ghorofa bila msingi.

Habari za kidole kufundishwa upya haziwezi kuandikwa bila kumtaja Károly Takács wa Hungaria. Alikuwa sajini wa jeshi, mlengaji hodari wa bastola, lakini mwaka 1936 alinyimwa nafasi ya kwenda Olimpiki ya Berlin kwa sababu timu ilikuwa ya maofisa wenye kamisheni tu. Kanuni hiyo ilipoondolewa, akaanza kujiandaa kwa michezo iliyofuata. Mwaka 1938, mazoezini jeshini, bomu la mkono lenye hitilafu lilimlipukia kwenye mkono wa kulia, mkono wake wa kulengea, ukaharibika kabisa. Alilala hospitali, akatoka, akaanza kujifundisha kwa mkono wa kushoto bila kumwambia mtu. Majira ya kuchipua ya 1939 alijitokeza kwenye mashindano ya taifa. Wenzake walidhani amekuja kuwatazama. Aliwashinda wote.

Vita vikafuta Olimpiki ya 1940 na ya 1944. Takács alifika London 1948 akiwa na miaka 38. Inasimuliwa kwamba bingwa wa dunia, Carlos Enrique Díaz Sáenz Valiente wa Argentina, alimuuliza amekuja kufanya nini, naye akajibu kwamba amekuja kujifunza. Alipiga pointi 580, rekodi ya dunia, akachukua dhahabu ya bastola ya kasi ya mita 25. Muargentina akamwambia kwamba sasa amejifunza vya kutosha. Miaka minne baadaye, Helsinki, akaichukua tena. Mtu anayesema kidole chake hakifundishiki amsome Takács. Na anayesema umri umempita amtazame Nino Salukvadze wa Georgia, aliyepata dhahabu ya bastola Seoul mwaka 1988 akiwa na miaka 19, na mwaka 2024 akasimama kwenye mstari huko Châteauroux akiwa na miaka 55, mwanamke wa kwanza kushiriki Olimpiki kumi. Rio 2016 alishiriki pamoja na mwanawe wa kumzaa.

Thamani ya ukuta wa nyumbani ilionekana wazi Machi 2020. Olimpiki ya Tokyo iliahirishwa tarehe 24, kesho yake India yenye watu zaidi ya bilioni moja ikaanza kujifungia ndani, na viwanja vya shabaha vikafungwa karibu kila mahali. Mkimbiaji alikosa barabara, muogeleaji akakosa bwawa. Mlengaji alibaki na sebule. Walengaji waliweka shabaha za karatasi kwenye korido, wengine wakafunga kwenye bastola zao vifaa vya kielektroniki kama SCATT, ambavyo huonyesha kwenye kompyuta njia yote iliyopitiwa na mtutu kabla na baada ya triga kuachia. Watu wa nchi mbalimbali wakashindana kupitia mtandao, kila mmoja akiwa kwake.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo bila hilo makala hii isingestahili kuandikwa.

Aprili 2004, mjini Orlando, Florida, afisa wa idara ya kupambana na dawa za kulevya ya Marekani alisimama mbele ya watoto na wazazi wao kuzungumzia hatari ya bunduki. Aliwaambia kwamba chumbani humo ni yeye pekee mwenye utaalamu wa kutosha kuibeba bastola ile. Alikuwa ameitoa magazini na aliamini haina kitu. Muda mfupi baadaye ililia, na risasi ikampiga yeye mwenyewe mguuni, watoto wakitazama. Mtaalamu, mchana kweupe, macho ya watu yakiwa juu yake, na somo lenyewe likiwa la usalama.

Kila bastola iliyojeruhi mtu nyumbani kwa namna hiyo mwenyewe aliiona tupu. Kwa hiyo anayetaka kufyatua tupu aanze kwa kuikataa imani hiyo, aikague kana kwamba aliyempa ni adui. Na mpangilio wa ukaguzi hauna hiari. Kwanza magazini itoke. Ndipo ukoki, mara mbili, tatu, uirudishe slaidi nyuma na kuifunga ikae wazi. Ukibadilisha mpangilio umejiua: ukikoki wakati magazini bado imo, risasi iliyokuwa ndani ya chemba inaruka nje, unaiona kwa macho yako, unaridhika, na wakati huo huo magazini imekwisha kusukuma nyingine mahali pake. Ukitoa magazini baadaye unabaki na bastola ambayo ina sura zote za kuwa tupu, na ndani ya chemba ina risasi moja. Kwa hiyo baada ya kukoki tazama ndani ya chemba penye mwanga, kisha ingiza kidole kidogo uipapase. Macho huona yanachotarajia, na kidole kinaongeza ushahidi.

Risasi zote ziondoke chumbani. Zote: zilizo kwenye magazini, zilizo kwenye kasha, ile iliyobaki mfukoni mwa suruali. Ziende chumba kingine, zifungiwe, mlango ufungwe. Mahali pasipo na risasi bastola haiwezi kupata risasi hata mwenyewe akisahau, akichanganyikiwa au akipigiwa simu katikati. Na simu ikilia, au mtoto akigonga mlango, zoezi limekatika. Ukirudi unaanza ukaguzi upya tangu mwanzo, hata kama ulitoka kwa nusu dakika.

Jeff Cooper, askari wa zamani wa majini wa Marekani aliyefungua shule yake ya bastola Arizona mwaka 1976, na mwaka huo huo akawa rais wa kwanza wa shirikisho la kimataifa la kulenga shabaha kwa kasi, alizipanga kanuni za usalama zikawa nne ambazo sasa hufundishwa kila bara: ihesabu kila silaha kuwa ina risasi, usiuelekeze mtutu kwenye kitu usicho tayari kukiharibu, kidole kiwe nje ya triga mpaka umelenga, ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Mazoezi ya kufyatua tupu yanaigusa ile ya kwanza pabaya, kwa kuwa unavuta triga kwa makusudi. Ndiyo maana ile ya pili na ya nne zinatakiwa kukazwa mara mbili.

Tutazame basi nyumba zetu. Ukuta mweupe wa sebuleni unaweza kuwa wa jasi, na jasi haizuii risasi. Mbao haizuii, mlango hauzuii, dirisha ndiyo usiseme. Katika nyumba ya kupanga, nyuma ya ukuta kuna kitanda cha jirani. Tafuta upande ambao nje yake ni kilima, au ukuta mnene wa mawe ambao nyuma yake hakuna njia ya watu, na hata hapo weka kitu cha kupokea risasi: ndoo kubwa au mifuko iliyojaa mchanga, iliyopangwa kwa unene. Mchanga huimaliza nguvu risasi ya bastola haraka sana. Bandika karatasi yako nyeupe juu ya mchanga huo na ulenge hapo tu. Usilenge runinga, wala picha, wala kivuli chako kwenye kioo. Vuta pazia, kwa sababu jirani akiona mtu ameelekeza bastola ndani ya nyumba ana haki ya kuita polisi, na polisi wakija watakuwa na silaha zenye risasi.

Watoto wasiwepo. Wapo wazazi wanaosema ni vizuri mtoto azoee, aone, asiwe na udadisi. Kumfundisha mtoto kwamba akikuta bastola asiiguse na aite mtu mzima ni jambo jema, nami naliunga mkono. Kumwonyesha baba akivuta triga jioni baada ya jioni na hakuna kinachotokea ni jambo jingine kabisa. Siku akiikuta peke yake atafanya alichokiona. Na nyumba yenye mtu aliyezongwa na huzuni au aliyekata tamaa ya maisha haifai kuwa na bastola ndani, yenye risasi au tupu, mpaka hali yake itengemae. Ipelekwe ikahifadhiwe mahali pengine kwa mujibu wa sheria.

Lakini wakati wa hatari kuliko wote ni dakika tano baada ya zoezi kwisha. Walimu wa bastola wanaijua hadithi hii kwa namna nyingi na mwisho wake ni mmoja. Mtu amemaliza, amerudisha magazini yenye risasi, amekoki, bastola iko tayari kurudi kiunoni. Anakumbuka mvuto wa mwisho haukuwa mzuri. Anajiambia moja tu, ya kumalizia. Anainua, analenga pale pale ukutani, anavuta taratibu kama alivyojifunza, na nyumba nzima inatikisika. Kwa sababu hiyo zoezi lifungwe kwa sauti. Mtu aseme, masikio yake yasikie: nimemaliza, leo sifyatui tena. Karatasi ibanduliwe ukutani. Bastola ifungiwe tupu kwenye kasha lake, na mwenyewe atoke chumbani akafanye kazi nyingine kabisa kabla ya kuzigusa risasi.

Kwa upande wa bastola yenyewe, msomaji atazame kwanza kijitabu cha kiwanda. Bastola nyingi za kisasa za risasi za kawaida hazidhuriki kwa kufyatuliwa tupu. Zile za risasi ndogo za .22 nyingi hudhurika, kwa kuwa msumari wake hupiga ukingo wa kitako cha risasi, na chemba ikiwa tupu unagonga chuma cha chemba yenyewe, unakunjika au unakitia kovu. Kwa hizo zinatakiwa risasi bandia za mazoezi, zenye rangi isiyoweza kuchanganywa na ya kweli. Bastola nyingi kama Glock zina taabu nyingine: ukivuta triga mara moja inabaki nyuma imekufa mpaka ukoki tena. Koki, lakini mtutu usiondoke kwenye mchanga. Na mtu asitegemee ukuta umfundishe kila kitu. Teke la bastola hulijui mpaka likupige, na kushika kwa kulegea hakuonekani kwenye bastola isiyolia. Uwanja bado unahitajika, ila anayekwenda uwanjani kidole chake kikiwa kimekwisha kufundishwa hutumia risasi chache na kupata faida kubwa.

Kwetu Tanzania silaha za kiraia zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Kenya wana sheria yao ya silaha, Sura ya 114, pamoja na bodi ya kutoa leseni, na wana wapenzi wa mchezo huu wanaokutana uwanja wa Kirigiti, Kiambu. Asiye na kibali hana zoezi la kufanya, na hata kwa bastola ya upepo au ya bandia inayofanana na ya kweli aulize polisi kwanza, maana sheria haiangalii nia yako tu. Walengaji wa Kenya wamewahi kushiriki Michezo ya Jumuiya ya Madola, mpaka kulenga shabaha kulipoachwa nje Birmingham 2022, na kumeachwa tena Glasgow 2026. Olimpiki imebaki nako, na bastola ya upepo ya mita 10 imo kwenye ratiba ya Los Angeles 2028. Ni mchezo usiohitaji baruti. Unahitaji chumba cha mita 10, taa nzuri, na mtu mwenye subira. Vyama vyetu vya michezo vikitaka medali mahali ambapo hatujawahi kuzitafuta, hapa pana mlango.

Kinachonikereketa zaidi, hata hivyo, ni yule mwenye kibali ambaye bastola yake inalala kwenye droo mwaka mzima. Aliinunua kwa hofu ya wezi, na tangu siku aliyoipokea hajaikagua zaidi ya mara mbili. Hajui triga yake ina uzito gani. Hajui kama mtutu wake unazama. Usiku wa wezi ataishika kwa mikono inayotetemeka, mkewe na wanawe wakiwa nyuma ya ukuta ule ule. Mtu huyu anapoomba kibali au kukihuisha, ofisa aliye mbele yake asiridhike na picha, mihuri na alama za vidole. Ampe bastola tupu mezani na risasi bandia ndani ya magazini, amwambie aifanye iwe salama, kisha amtazame. Anatoa magazini kwanza au anakoki kwanza? Mtutu unaelekea wapi anapogeuka kumjibu? Kidole kiko wapi? Dakika mbili zinatosha kumjua, na akikosea arudishwe nyumbani akajifunze, fomu zake zikimsubiri.